Faili la Pak Harsoyo

Nilisikia kiti kikiburutwa juu ya vigae, kisha kimya, kisha sauti ndogo ya mtu aliyekanyaga msumari na hataki wenzake wajue. Ilitoka nyuma ya kabati la vitabu, kwenye meza ya Wening. Nikangoja kibodi yake iendelee kulia. Haikulia.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, na nyumba yetu ya kazi pale Kotagede ilinuka manjano na nazi. Jikoni, Bu Nastiti, mama mwenye ofisi, alikuwa akibishana na mpishi kuhusu mlima wa wali, tumpeng ya kumwagia baraka Pak Harsoyo. Mzee huyo, mkubwa wetu wa kuandika programu, alikuwa anaondoka. Kesho yake angepanda ndege kwenda Balikpapan, ng'ambo ya bahari, kuishi kwa binti yake, na sisi tuliobaki tungejua wenyewe.

Nikazunguka kabati. Wening alikaa wima, mikono imelala mapajani.

"Mbak," nikamwita, yaani dada, "umeumia?"

"Sijaumia."

"Mbona umekaa kama bibi harusi anayengoja kuvishwa?"

Kwa kawaida angenijibu. Msichana yule alikuwa na ulimi, ila alikuwa anautoa kwangu mimi na mwenzetu Tejo tu, si kwa wakubwa.

"Imeondoka, Mas Galih," alisema, akiniita kaka.

"Nini imeondoka?"

"Kazi yangu. Ile ya ng'ombe. Yote."

Ninyi hamkuijua kazi ile, kwa hiyo nitaisema. Ushirika wa wafugaji wa maziwa kule miteremko ya mlima Merapi ulituagiza programu ya kupokelea maziwa. Sehemu ngumu kuliko zote alipewa Wening, kwa sababu yeye ni mtoto wa kule kule. Alikua akibeba majani ya ng'ombe kichwani. Ng'ombe akidungwa dawa, maziwa yake hayaruhusiwi kuingia tangini mpaka dawa imtoke mwilini. Wafugaji waliandika siku za dawa kwa chaki ubaoni, mvua ikija inafuta, na debe moja lenye dawa linaharibu tangi la kijiji kizima. Wening aliandika kitu cha kuzuia hilo. Wiki tatu hakuinua kichwa. Jumatatu watu wa ushirika walikuwa wanakuja kuiona kazi, na Jumatatu hiyohiyo Bu Nastiti angeamua kama Wening, aliyekuwa bado kwenye majaribio, anabaki au anarudi mlimani.

"Ulifanya nini?" nikamwuliza.

"Nilichoambiwa. Nilisasisha."

Nikavuta kiti nikaketi. Kila mmoja wetu alifanya kazi juu ya nakala yake, na nakala mama ilikaa kwenye hazina moja ya ofisi. Kabla hujawasilisha kazi yako hazinani, sharti usasishe kwanza, yaani uvute ya wenzako yachanganyike na yako, usije ukamkanyaga mtu. Hiyo ndiyo sheria ya programu inayotunza matoleo ya kazi zetu. Na sheria yetu sisi ilikuwa kwamba mgeni hawasilishi kitu mpaka mkubwa amekitazama akasema, haya, weka. Wening alimaliza mapema, akawa anangoja Pak Harsoyo atazame. Aliona haya kumkumbusha. Mzee akasahau, akakumbuka, akatazama asubuhi ya Ijumaa hiyo. Akasema, "Nzuri. Weka." Wening akasasisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, kama anavyotakiwa mtu mwenye adabu. Na mbele ya macho yake kazi ya wiki tatu ikageuka kuwa mafaili ya zamani, kama vile hajawahi kuajiriwa.

"Kusasisha hakufuti," nilisema. "Kunachanganya."

"Mas, nimesoma. Najua kusasisha ni nini."

"Basi nionyeshe faili lako la amri."

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo.

Programu ile ya kutunza matoleo ina tabia moja: kabla haijatii amri yako, husoma kwanza faili dogo lililofichwa kwenye folda yako. Humo unaandika mara moja yale usiyotaka kuyarudia kila siku. Nikisema linganisha, nionyeshe hivi. Nikisema sasisha, niletee na folda mpya. Baada ya hapo unaandika neno moja tu, nayo inaongeza mengine kimyakimya.

Kwetu, faili hilo hukuliandika mwenyewe. Ulipewa na Pak Harsoyo. Mgeni akifika siku ya kwanza alikuja na vitafunio vya sokoni, vile vya unga wa mchele na sukari guru, akaviweka mezani. Mzee akaja na kidude chake cha kubebea mafaili, akasema bismillahi, akanakili faili lake kwenye mashine ya mgeni, tukala. Tuliliita pusaka, kama kisu cha babu kinachorithiwa na hakuna anayekinoa. Tejo, alipokuwa mgeni, alifuta mstari mmoja kwa kuwa haukumpendeza. Kesho yake pikipiki yake iliingia mtaroni barabara ya Imogiri. Alirudi ofisini akichechemea, akaurudisha mstari, ndipo akaenda kutibiwa. Tangu hapo hakuna aliyechezea radhi ya mzee. Nina hakika hakuna hata aliyelisoma.

Nililifungua faili la Wening na langu, nikayaweka ubavu kwa ubavu. Mistari ilikuwa ileile, isipokuwa wa kusasisha. Kwenye faili lake mstari ule ulikuwa na herufi moja zaidi, kubwa, mwishoni. Herufi hiyo maana yake ni hii: chochote alichobadilisha mtu kwenye nakala yake kitupe, mletee kilicho safi kutoka hazinani.

Moto ukanipanda.

Nilijua ilikotoka. Tangu tetemeko la mwaka uliotangulia, lililomwangushia nyumba kule Bantul, Pak Harsoyo hakuwa anaandika programu tena. Alikusanya tu kazi zetu kila jioni akajenga toleo la siku. Yeye alihitaji nakala safi kila mara, kwa hiyo alijiongezea herufi ile. Kwa kazi yake ilikuwa sawasawa. Sisi wengine tulipewa faili kabla ya hapo. Wening alikuwa mgeni wa kwanza baada ya tetemeko, na mzee alimpa kisu akidhani anampa kijiko.

"Ni lake," nilisema. "Mstari huu ni wa mzee. Naenda kumwambia."

Wening alinishika shati. Hajawahi kunigusa kabla wala baadaye.

"Usimwambie."

"Kwa nini?"

"Leo ni siku yake. Kesho anaondoka. Unataka aondoke na hili kichwani?"

"Na wewe Jumatatu utawaonyesha nini? Picha ya ng'ombe?"

"Nitasema nilizembea."

"Hukuzembea."

"Najua. Nitasema hivyo hivyo." Akaachia shati langu, akalinyoosha pale alipolikunja. "Yeye ndiye alimwambia Bu Nastiti anichukue. Wengine wote walisikia lafudhi yangu wakatabasamu. Mas Galih, si kila ukweli una haraka."

Ningeweza kumjibu. Nina majibu mengi siku zote. Lakini Tejo alichungulia pembeni mwa kabati, kinywa kimejaa kaki za uduvi za kukaanga.

"Mnapendana au mnagombana? Niambieni, nijue sura ya kuvaa."

"Mashine ya Wening imerudisha kazi ya zamani," nilisema.

"Aa, imechanganyikiwa hiyo. Dawa yake futa folda nzima uchukue upya hazinani. Mara nyingi inakaa sawa."

"Hazinani hakuna kitu, Mas Tejo," alisema Wening. "Sikuwahi kuweka."

"Jaribu tu. Folda hiyo sasa ina faida gani? Tukishakula nitakufutia mwenyewe, usilie." Alikuwa mtu mwema, Tejo. Wema wake ulikuwa wa mtu anayezima moto kwa kufunga macho.

Tukaitwa kula.

Viatu vyetu vilikuwa mlangoni, tumekaa mikekani, mlima wa wali katikati umezungushiwa kuku, tempe ya soya, mayai na kachumbari ya nazi. Bu Nastiti aliomba dua fupi, akampa mzee kisu akate kilele. Pak Harsoyo alikuwa amevaa batiki ya kahawia, ile ya harusi za watu. Mimi nilikaa mkabala naye, na kichwani mwangu shairi lilikuwa linajipanga bila kuombwa. Ofisi nzima ilijua kwamba nitaombwa shairi. Hapakuwa na sherehe ambamo nilipona. Nilikuwa nimeandaa la sifa wiki nzima. Sasa likaja jingine, zuri kuliko lile, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa na meno:

*Zawadi yenye miiba, mpokeaji hulia;
na mtoaji hushiba, wali akijipakia.*

Nilihesabu mizani kwa vidole chini ya goti. Ilikaa. Nikaona jinsi kimya kitakavyoshuka, jinsi mzee atakavyouliza, jinsi nitakavyosimama na kulisema lote mbele ya Bu Nastiti. Nilikuwa na haki, na mwenye haki mwenye njaa ni mtu wa hatari.

Pak Harsoyo alikata kilele cha wali. Kila mtu alidhani atampa Bu Nastiti, ndiyo desturi. Aliweka kwenye jani, akaongeza paja la kuku, akamgeukia Wening.

"Wewe," alisema. "Wengine hawa wameshakua, hakuna la kufanya. Wewe bado."

Watu wakacheka. Wening alipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na nikaona jani likitetemeka. Mzee aliliona pia. Alidhani ni furaha. Akampigapiga bega, akarudi kukaa polepole, mkono mmoja kwenye goti lenye maumivu.

Shairi langu likaoza mdomoni. Sikumsamehe, la. Ila nilimtazama akitafuta miwani yake ambayo ilikuwa usoni, na wazo likanipiga kama kofi: mtu huyu ametumia herufi ile kila jioni mwaka mzima. Hakuna mwingine humu anayejua inafanya nini hasa. Inatupa, sawa. Inatupa wapi?

"Galih," alisema Bu Nastiti, "mbona umekunja uso? Toa shairi lako tule kwa amani."

"La mapenzi hatutaki," alisema Tejo. "La mwaka jana bado linaniuma."

Nikasimama. Wening alinitazama, na macho yake yalisema neno moja, lile lile la nyuma ya kabati. Nilikuwa sina shairi. Lile la sifa lilikuwa uongo, lile la meno lilikuwa la kwangu mimi, halikumsaidia yeye. Nikaanza na tempe kwa sababu tempe ilikuwa mbele yangu:

*Muuza tempe sokoni huifunga majanini;
kilichofutwa, jamani, hufichwa mahali gani?*

Wakangoja. Tejo akasema, "Ndiyo hilo tu? Wiki nzima?"

Pak Harsoyo alicheka, kisha cheko likampungua usoni kama maji kwenye mchanga.

"Hilo ni shairi au swali?"

"Vyote, Pak. Kabla hujaondoka, tufundishe jambo moja la mwisho. Mtu akisasisha, na programu ikatupa alichobadilisha, inakitupa wapi?"

"Nani ametupiwa?"

Hapo ndipo utawajua watu wetu. Kila mtu alipata kitu cha kutazama kwenye wali wake. Hata wale wasiojua lolote waliinama, kwa kuwa walinusa kwamba kuna jambo na jambo lenyewe lina mkubwa ndani yake.

Tejo ndiye aliyetuokoa, bila kukusudia. "Ni mashine ya Wening tu, Pak. Usijisumbue, wewe kula. Nikimaliza nitafuta folda niichukue upya."

"Usiiguse," alisema Pak Harsoyo.

Hakupaza sauti. Aliweka jani lake chini, akainuka, goti likamlilia, akaenda nyuma ya kabati. Tukamfuata, mikono ina mafuta.

"Ni mimi nilizembea, Pak," Wening alikuwa anasema nyuma yake. "Nilipaswa kuweka nakala. Pak, wali utapoa."

"Wali umekwisha kupoa tangu nikiwa na nywele. Kaa hapa. Andika amri ya kuorodhesha, ila iambie ionyeshe na vilivyofichwa."

Wening akaandika. Kwenye kioo yakashuka majina yale ya kawaida, na katikati yake mengine ya ajabu, kila moja limeanza na nukta na alama ya reli, #, na mkiani lina namba ya toleo.

"Hayo," alisema mzee. "Programu hii haituamini, ndiyo maana naipenda. Inatupa, lakini kwanza inaficha. Fungua moja."

Alifungua. Nililiona kabla yake, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshaingia maji: mstari wa juu kabisa ulikuwa na jina alilompa ng'ombe wake wa majaribio, Si Belang, Madoadoa. Kazi yake ilikuwa hapo. Tejo, aliyekuwa nyuma yangu, alijifuta mikono kwenye suruali taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa shimo alilokuwa anataka kulirukia.

"Nakili moja moja," mzee alisema. "Yale mafaili mapya uliyoyaumba mwenyewe hayakuguswa, yako palepale. Usiharakishe." Kisha akamtazama akinakili. "Lakini kwa nini ilitupa? Kusasisha hakutupi."

Akagonga kioo kwa ukucha.

"Fungua faili la amri."

"Pak, si lazima," Wening alisema.

"Mbak Wening."

Alilifungua. Pak Harsoyo alisogeza uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Alisoma mstari mmoja mmoja, midomo ikicheza. Alipofika kwenye kusasisha, aliacha kuchezesha midomo. Akavuta kiti cha Tejo, akakaa.

"Herufi hii ni yangu," alisema.

Bu Nastiti alikuwa amefika, mwiko wa kupakulia mkononi. "Kuna nini hapa? Kazi ya Jumatatu ipo au haipo?"

"Nilizemb..." Wening alianza.

"Ipo," alisema mzee. "Nilimwibia mtoto huyu kazi yake, Bu, na sasa anairudisha mwenyewe. Nilimpa faili langu nikasahau kwamba nimelibadilisha. Yeye alifanya kila kitu sawa. Kama ukisikia kwamba alizembea, aliyekuambia ni mwongo, hata kama ni yeye."

Bu Nastiti alimtazama Wening, akautazama mwiko, kama vile mwiko ndio ungeamua. "Basi Jumatatu atawaonyesha yeye mwenyewe," alisema. "Tejo, wewe utapeleka chai." Akarudi jikoni. Kwa mama yule, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Mzee akanigeukia. "Ulijua."

"Nilijua, Pak."

"Ukaamua kuniimbia tempe."

"Kulikuwa na jingine. Lilikuwa kali."

"Lisome."

Sikutaka. Nilitaka sana saa moja kabla, na sasa sikutaka. Lakini aliniangalia, nami nikalisoma, lile la miiba na wali, kwa sauti ya chini. Tejo alishika kichwa. Pak Harsoyo alisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kwa mapigo.

"Mizani imekaa," alisema. "Na maana pia." Kisha akamtazama Wening, aliyekuwa ameacha kunakili. "Na wewe ungekaa kimya."

"Ndiyo, Pak."

"Jumatatu ungerudi mlimani, na mimi niko Balikpapan nakula kaa wa baharini, nawasifia watu kwamba nimeacha ofisi nzuri."

Wening alitazama magoti yake. "Sikutaka uaibike."

"Nimeaibika sasa hivi. Unaona nimekufa?" Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la batiki yake nzuri, jambo ambalo mkewe marehemu asingelikubali. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya mzaha. "Miaka yote hii mmenipa heshima, nami niliipenda, sitadanganya. Mnanipisha mlangoni, mnaninyamazia nikikosea. Hakuna hata mmoja wenu aliyenisoma. Mtu asiyesomwa anaoza peke yake, Wening, na anaozesha na wengine. Futa mstari huo."

Mkono wa Wening ulikwenda kwenye kibodi ukasimama. Ninaapa niliona Tejo akitazama mlangoni, kwenye pikipiki.

"Niufute mbele yako?"

"Nikiwa ng'ambo ya bahari kuufuta kutakuwa rahisi mno. Futa. Halafu pitia mingine. Ule usioujua maana yake, uliza. Ukiuona haukufai, toa. Faili ni lako, linaongea kwa kinywa chako."

Aliufuta. Akauliza kuhusu wa tatu, mzee akaeleza. Akauliza kuhusu wa tano, mzee akafikiri, akakiri kwamba hata yeye hakumbuki, akacheka kwa aibu kidogo, na wa tano ukaenda. Kule mkekani watu walikuwa wamerudi kula, tulisikia vijiko. Wening alisasisha, akakagua, akawasilisha, na hazina ikampa namba ya toleo, ndogo na kavu, kama zinavyokuwa. Akaegemea kiti. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuona mgongo wake umegusa kitu.

"Binti yangu ana simu ya nyumbani," alisema Pak Harsoyo akijiinua. "Bu Nastiti ataendelea kunitumia kazi nizitazame, hajui kuachana na mtu. Nitakosea tena. Utafanya nini?"

"Nitamwambia Mas Galih akwambie."

"Huyo atanitungia shairi, nitakufa kabla sijajua kosa langu. Wewe, utafanya nini?"

Wening alisema kitu ambacho hata mimi niliyekuwa karibu sikukisikia.

"Masikio yangu ni ya mzee, Mbak."

Wening alisimama. Alikuwa mfupi kuliko mzee kwa kichwa kizima, na bado alikuwa na punje ya wali wa njano kwenye kidole. Alipaza sauti, kwa lafudhi yake ya mlimani yote, bila kuilainisha, mpaka vijiko vya mkekani vikanyamaza.

"Naahidi, Pak. Ukikosea nitakupigia mimi mwenyewe, siku hiyohiyo, na nitakwambia umekosea."